Kurasa Sabini na Sita za Ndoa ya Binti Yangu

Karatasi naijua kwa mkono. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika kiwanda cha karatasi kule Mgololo, kwanza kama kibarua na baadaye kama mwajiriwa, na kazi yangu ilikuwa kupanga, kufunga na kupakia. Ukinifumba macho ukaniwekea karatasi kiganjani, nitakuambia kama ni ya kuandikia au ya kufungia vitu, kama iliwahi kupata maji, na upande upi ni laini kuliko mwingine. Kilichoandikwa juu yake sikijui. Sikupelekwa shule. Baba yangu alikuwa na ng'ombe upande wa Idodi, nami nilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume, na mambo yakaishia hapo. Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema ili msomaji aelewe kwa nini nilifanya kosa nitakalolieleza, na kwa nini anayeyaandika ni mjukuu wangu, hapa nyumbani kwangu Kihesa, nami nayatamka nikiwa kwenye kiti. Nimemwagiza asibadilishe neno.

Mume wa binti yangu alifariki Mbeya. Alikuwa fundi seremala, mtu mpole, na alimwachia binti yangu nyumba waliyoijenga pamoja, mashine ya kushonea, na watoto watatu. Wa kwanza wa hao watatu ndiye huyu anayeandika, ambaye amekuwa akiishi nami tangu alipopata chuo hapa Iringa. Arobaini ilipokwisha, binti yangu alikwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Ndugu za marehemu wakaweka pingamizi. Walisema kwamba kaka yao hakuwahi kuoa, kwamba yule ni mwanamke aliyekuwa akiishi naye tu, na kwamba nyumba ni ya ukoo wao. Kama hakimu angekubaliana nao, binti yangu angetoka katika nyumba ile na watoto wawili wadogo, baada ya miaka zaidi ya ishirini.

Kulikuwa na mama mmoja kule Mbeya, msaidizi wa sheria, ambaye alilichukua shauri lake bila malipo. Mama huyo alisema sheria ina njia zaidi ya moja, lakini iliyo fupi ni ya maandishi: barua ya posa, muhtasari wa kikao cha wazee, na kila kilichoandikwa baina ya nyumba mbili. Kwa kuwa kwetu karatasi za ndoa hukaa kwa baba wa binti, zote zilikuwa kwangu, katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Njia rahisi ilikuwa kuzikabidhi kwa basi la asubuhi. Nilikataa. Karatasi halisi haitoki ndani ya nyumba yangu isipokuwa nimeibeba mwenyewe, na nyonga yangu hainiruhusu tena kukaa kwenye basi kutoka Iringa hadi Mbeya. Mama yule akasema basi zipigwe picha, ziwekwe katika faili moja, zitumwe kwa barua pepe. Shauri lilikuwa Ijumaa. Nyaraka zilitakiwa kumfikia kabla ya saa tisa alasiri ya Jumatano, ili naye azipeleke mahakamani na upande wa pili wapewe nakala.

Siku ya Jumatatu mjukuu wangu alizitandaza mezani. Zilikuwa karatasi thelathini na nane. Alipiga picha ya kwanza kwa simu yake, akaiweka pembeni, akachukua ya pili.

"Umeruka," nikamwambia.

"Nimeruka nini, Babu?"

"Nyuma yake. Piga na nyuma."

"Nyuma hamna kitu."

"Leo hamna. Kesho mtu ataandika neno hapo, aseme lilikuwepo tangu mwanzo. Piga na nyuma, ionekane kwamba ilikuwa tupu."

"Zote thelathini na nane?"

"Mimi nimesema zote."

Hakubishana. Katika nyumba hii habishani na mimi mara mbili kwa jambo moja. Alipiga pande zote mbili za kila karatasi, kila moja kwa rangi zake, na juu ya hapo nilimtaka apige kwa ubora wa juu kabisa ambao simu ile inaweza. Nilidhani ninaweka ulinzi juu ya ulinzi. Alipomaliza alikuwa na kurasa sabini na sita, akazifunga ziwe faili moja, akajaribu kulituma. Simu ilizunguka muda mrefu, kisha ikakataa.

"Ni zito sana," akasema. "Lina megabaiti mia moja na kumi. Yule mama anasema kule linakopelekwa hawapokei lililozidi kumi."

Neno hilo lilinikera. Nimebeba karatasi maisha yangu yote. Naujua uzito wa rimu moja, naujua uzito wa robota zima, na nina nyonga inayokumbuka. Nikamwuliza ni uzito gani huo wa kitu kisichoshikika.

Alifikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo nalipenda kwake. "Babu, simu haijui ipi ni barua na ipi ni meza. Imechukua kila kitu. Rangi ya mbao, doa la chai, kivuli cha mkono wangu, mikunjo yote. Kila kidoa imekiandika mahali pake. Hata hizo kurasa tupu, kwake si tupu. Imehesabu weupe wake wote."

Hapo nililielewa kosa langu, ingawa sikulitamka siku hiyo. Nilikuwa nimeziongezea karatasi za binti yangu mzigo wa kurasa thelathini na nane zisizo na neno, kwa sababu mimi binafsi sina njia ya kutofautisha ukurasa unaosema na ukurasa ulionyamaza.

Jumanne asubuhi tulikwenda kwenye duka la steshenari lililo karibu na nyumbani. Mwenye duka ni mwanamke wa makamo mwenye sauti kubwa, ambaye huheshimu watu kwa kuwatania.

"Kamwene, Babu! Leo umekuja mwenyewe? Umeoa tena unataka cheti?"

"Kamwene. Nimekuja kwa kazi."

"Haya, mzee wa kazi." Akaliangalia faili kwenye kompyuta yake, akaanza kushuka nalo ukurasa baada ya ukurasa. Akaanza kucheka. "Dada, hii nini? Ukurasa, tupu, ukurasa, tupu. Mnatuma hewa ya Kihesa kwenda Mbeya? Mbeya wana hewa yao, tena ya baridi kuliko hii."

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Nikasema, "Hizo tupu niliagiza mimi."

"Basi, Babu, agiza zitoke."

"Zitatoka nikishazigusa."

Akanitazama kuona kama natania. Alipoona sitanii, alinisogezea kiti. Nilizichukua zile karatasi halisi, nikageuza moja moja, nikapitisha vidole nyuma ya kila karatasi, maana kalamu huacha mfereji unaoweza kulidanganya jicho lakini haukidanganyi kidole. Nyuma ya karatasi mbili nilihisi maandishi, na kweli yalikuwepo, kwa penseli iliyofifia. Hizo nyuma mbili zikabaki. Nyingine zote zikafutwa. Mwenye duka hakutania tena mpaka nilipomaliza.

Baada ya hapo aliziweka karatasi kwenye skana yake moja moja, kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, bila meza wala kivuli. Faili likashuka kutoka mia moja na kumi hadi kumi na nne. Akasema bado nne, na kwamba anaweza kulibana zaidi. Akabonyeza. Likafika sita.

"Imekwisha hiyo," akasema. "Tumeni."

Nikamwambia anionyeshe ukurasa wenye madole. Ulikuwa ni muhtasari wa kikao cha wazee, ule uliosema kwamba nyumba mbili zimekubaliana na kwamba ndoa imefungwa kimila. Chini yake kulikuwa na saini tatu na madole gumba mawili, langu na la baba wa marehemu. Aliukuza. Mahali pa madole palikuwa na madoa mawili meusi, kama ya wino uliomwagika.

"Hilo si dole langu," nikasema.

"Ndilo, Babu. Limebanwa tu."

"Dole langu lina kovu. Waya wa kufungia robota ulinikata. Kovu liko wapi hapo?"

Alikuza zaidi. Kovu halikuwepo. Mistari haikuwepo. Watu wanaojua kuandika husaini, na saini hata ikififia umbo lake hubaki. Sisi wengine tulichonacho ni mistari ya ngozi, na mistari hiyo ndiyo ya kwanza kupotea faili linapobanwa. Nikasema ule ukurasa ubaki kwa ubora wake, na kurasa nyingine zenye madole pia. Alifanya hivyo, akihema. Faili likapanda tena, likafika kumi na mbili.

"Sasa hapo, Babu, sina la kufanya. Ama madole yafe, ama mtoe kurasa nyingine. Chagueni zisizo na maana."

Kuchagua kulihitaji kusomewa. Nisingekubali barua za nyumba yangu zisomwe dukani, mbele ya watu waliokuja kutoa kopi za vitambulisho. Tukarudi nyumbani.

Tulikaa mezani mchana ule, mjukuu wangu na mimi, na kwa mara ya kwanza tangu zilipoandikwa, karatasi zile zilisomwa zote kwa mfululizo. Alisoma, nami nikasema ibaki au itoke. Barua ya posa ilibaki. Barua za mshenga wao, ambaye aliandika kila alipotaka kuja na kila aliposhindwa kuja, nilibakisha mbili nikatoa tano. Za salamu zilitoka. Ya kutuarifu ubatizo wa mtoto wa pili ilibaki, kwa sababu ndani yake marehemu aliniita baba mkwe. Kazi ilikwenda vizuri. Nilianza hata kuifurahia, kwa kuwa nilizikumbuka sauti za watu ambao wengi wao wamekwishazikwa.

Kisha akachukua karatasi moja nyembamba, akaisoma kimya. Macho yake yakarudi juu, akaisoma tena.

"Soma kwa sauti," nikamwambia.

"Hii ni kopi ya kaboni, Babu. Imechafuka."

"Soma."

Akasoma. Hakuinua sauti wala hakuishusha.

"Kwa mzee mwenzangu. Barua yako nimesomewa. Mimi sina binti Mbeya. Niliyekuwa naye alitoka bila kupita mlangoni, na aliyetoka hivyo simhesabu. Usinitumie mtu tena. Na hicho kilicho tumboni mwake kisije kikaambiwa kwamba kina babu Kihesa."

Maneno yale ni yangu. Niliyatamka mwenyewe, na katekista wa jirani akayaandika kwa mkono wake mzuri, akaweka kaboni katikati ili nami nibaki na nakala. Binti yangu alikuwa amekwenda Mbeya kujifunza kushona, akaanza kuishi na kijana yule kabla hajaletwa mtu kwangu. Posa ilikuja nyuma, na yeye akiwa tayari na ujauzito. Nilisema nilichosema, nikaweka dole gumba, nikaituma. Mke wangu alinikataza. Nilimwambia anyamaze.

Mjukuu wangu aliiweka karatasi mezani, akailinganisha na ukingo wa meza.

"Nilikuwa na miezi mingapi?" akauliza.

"Sita."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeuliza bei ya kitu akajibiwa. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, "Ukurasa huu ni mzito kuliko nyingine zote. Kaboni imesambaa karatasi nzima. Ukiupiga kwa nyeusi na nyeupe hausomeki, lazima uwe wa rangi. Tukiutoa na huu, juu ya zile tulizokwisha kutoa, faili linafika tisa."

Nilimwelewa. Alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wa kweli, maana hesabu ya faili ilikuwa ndiyo hiyo. Ningeweza kusema itoke, kwa sababu ni nzito, na pasingekuwa na neno lingine juu yake. Nilikaa. Nje jirani alikuwa akipasua kuni.

Baada ya mtoto kuzaliwa, wazee wao walikuja kwa miguu yao, na mke wangu akawapokea kabla sijanyanyuka kitini. Nilikaa nao. Nilikula chakula walichokuja nacho, kikao kikafanyika, nikaweka dole kwenye muhtasari. Lakini ile barua sikuifuta. Sikumwita katekista aandike nyingine. Nilidhani kwamba mtu akishakula chakula cha wenzake, kila alichokisema kabla ya hapo kimekwisha. Nilikuwa mtu wa kusema neno mara moja, na nilijivunia jambo hilo.

"Mpigie mama yako," nikamwambia mjukuu wangu.

"Nimwambie nini?"

"Mpigie, unipe simu."

Binti yangu alipokea haraka, akidhani faili limekwama tena.

"Shikamoo, Baba. Vipi, imekataa?"

"Marahaba. Haijakataa. Kuna karatasi moja hapa, nataka uamue wewe."

"Mimi naamua nini, Baba? Wewe ndiye unazijua."

"Ni jibu nililompa baba mkwe wako, ile posa ilipokuja."

Akasema, "Ile barua ilipotea njiani. Marehemu aliniambia."

"Haikupotea."

"Aliniambia ilipotea, Baba. Kwamba mshenga aliiangusha Makambako."

"Basi aliificha. Mimi nina nakala."

Nilisikia cherehani nyuma yake ikisimama. Alikuwa akishona huku akiongea, na mguu wake ukaacha kukanyaga.

"Nisomee," akasema.

Mjukuu wangu alikuwa amesikia. Alitazama mezani, hakuigusa ile karatasi. Sikumwagiza. Mtu asiyesoma hukumbuka alichoandikisha, kwa kuwa hana mahali pengine pa kukiweka. Niliifahamu ile barua neno kwa neno kwa miaka yote ile. Nikamwambia binti yangu kwenye simu, kuanzia "Kwa mzee mwenzangu" hadi mwisho, na yale ya tumboni sikuyaruka.

Nilisikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Mtoto yuko hapo?" akauliza.

"Yupo. Ndiye aliyeisoma."

"Mungu wangu, Baba."

"Ndiyo."

Akajifuta pua, nilimsikia. Aliporudi sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima kitambaa. "Mahakamani isiende."

"Kuificha karatasi..."

"Sikuombi ufiche, Baba. Nisikilize. Hakimu ameuliza kama niliolewa. Hiyo barua haijibu swali hilo. Wazee walikaa baada yake, ukaweka dole, imekwisha. Hiyo inajibu swali jingine, na hilo jingine si la hakimu. Hilo tutaulizana mimi na wewe."

Sikuwa nimezoea kukatizwa, na yeye hakuwa amezoea kunikatiza. Nikasema, "Sawa."

"Itoeni. Tumeni hizo nyingine. Nina nguo ya mtu hapa." Akakata.

Nilimwambia mjukuu wangu aitoe, na kwa kuwa faili sasa lilikuwa na nafasi kidogo, achukue karatasi mpya na kalamu. Akasema, "Babu, tunapunguza au tunaongeza?" Nikamwambia aandike. Nikatamka kwamba mimi ni baba wa mwanamke huyu. Kwamba nilimpokea mume wake mbele ya wazee wa pande mbili. Kwamba alikula kwangu nami nilikula kwake. Kwamba mke wangu alipofariki ni yeye aliyetengeneza jeneza kwa mikono yake, akalibeba upande wa kichwani, mahali ambapo kwetu hushika mtoto wa nyumba. Na kwamba kama yule hakuwa mkwe wangu, basi mimi sijui mkwe ni nani. Hayakuzidi ukurasa mmoja. Nikaweka dole gumba. Mjukuu wangu alilitazama likiwa bado bichi, akanipa karatasi nyingine nijaribu tena, kwa kuwa la kwanza nilikuwa nimelikandamiza kwa nguvu mno na kovu halikutoka.

Jumatano saa nne asubuhi tulirudi dukani. Mwenye duka aliupokea ukurasa mpya, akauweka kwenye skana, akapanga kila kitu, akaniita nitazame madole kabla hajabonyeza. Kovu langu lilikuwepo. Dole la baba wa marehemu nalo lilikuwepo, na upande wake mmoja ulikuwa bapa, kwa kuwa mzee yule alikatika ncha ya kidole na shoka ujanani. Faili lilikuwa na megabaiti tisa na kidogo. Safari hii lilikwenda.

"Na hewa yetu imebaki Kihesa," mwenye duka akasema, kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake.

Saa saba mchana yule mama wa Mbeya alijibu kwamba zimefika na zinasomeka.

Kilichotokea Ijumaa nilisimuliwa. Ndugu wa marehemu walisema muhtasari ule ni wa kutungwa. Hakimu akamwita mkubwa wao mbele, akamwonyesha ukurasa wa madole uliochapwa, akamwuliza kama analijua dole lile lililo bapa. Yule bwana alilitazama muda mrefu. Akasema ni la baba yake. Hakuweza kusema vinginevyo, na kwa hilo ninamheshimu. Uamuzi ulitoka wiki kadhaa baadaye. Pingamizi lilitupwa, binti yangu akapewa usimamizi, na nyumba ikabaki na waliokuwa wakiishi ndani yake.

Alinipigia kunipa habari. Nilimshukuru Mungu, naye akamshukuru. Kisha akaomba nimpe simu mwanaye, na kwa kuwa mwanaye huweka simu kwa sauti kubwa ili nami nisikie, nilisikia.

"Sasa nitumie ile barua," akasema.

"Ipi, Mama?"

"Unaijua."

Mjukuu wangu akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ni kubwa, Mama, ile ya rangi. Itakumaliza bando. Niipunguze kwanza?"

"Usiipunguze. Ije kama ilivyo."

Akaituma pale pale mezani, peke yake, na kaboni yake yote na dole langu la zambarau la wakati ule, ambalo halikuwa na kovu bado. Ilichukua dakika chache kwenda. Binti yangu hakujibu siku hiyo wala siku iliyofuata. Jumapili alipiga, akaniuliza habari ya nyonga, akasema kule Mbeya mvua imekuwa kubwa. Hakuitaja barua, nami sikuitaja, kwa kuwa zamu ya kuuliza ni yake.

Juzi amesema atakuja Krismasi na wadogo wote wawili. Amesema nimwekee karatasi yenyewe mezani, isiwe sandukuni, maana anataka aishike. Nimeitoa. Nimeiweka upande wa kiti atakachokaa, nikaiwekea kikombe juu isipeperuke. Bado wiki tano. Mjukuu wangu anapofuta vumbi asubuhi hukiinua kikombe, huisogeza karatasi, hupitisha kitambaa, kisha huirudisha mahali pake.